Imani, Kujisalimisha kwa Mungu na Kusulubiwa kwa Yesu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu waliohudhuria mafundisho ya Biblia mjini Kisumu na katika vijiji vilivyo njiani kuelekea Maseno na Vihiga, hasa katika majuma ya Kwaresima, ambapo hata mtu asiyefika kanisani mwaka mzima huanza kuuliza juu ya msalaba. Waulizaji walikuwa Wakatoliki, Waanglikana, Marafiki (yaani kanisa la Quakers), Wapentekoste, na wachache wa makanisa ya Roho ambao hufika wakiwa wamevaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu. Pale ambapo makanisa hayakubaliani nimesema hivyo waziwazi. Aya nilizonukuu ni za Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu tulikariri shuleni.

Imani ni nini? Je, haitoshi kukubali kwamba Mungu yuko?

Haitoshi, kwa kuwa Yakobo anasema kwamba hata mashetani wanakubali jambo hilo na kutetemeka. Waraka kwa Waebrania unaeleza kuwa imani ni “kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana”, na wengi hukomea hapo kwa sababu aya hiyo ni rahisi kuikariri. Mimi hupenda kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili, imani, kuamini, uaminifu na amana ni maneno ya shina moja lililotoka katika Kiarabu, na amana ni kitu unachokiweka kwa mtu mwingine akutunzie kwa sababu unamjua. Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo maneno ambayo watafsiri wetu waliyaweka vizuri mno: “namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile.” Tazama mpangilio wake: kwanza anamjua, kisha anamwamini, kisha anaweka amana.

Jioni katika soko la Kibuye, mama anayeuza nguo hufunga mizigo yake, huiacha katika stoo yenye mlinzi, kisha hurudi nyumbani Nyalenda na kulala. Kukubali kwamba mlinzi yupo ni jambo moja, na kumwachia mizigo usiku kucha ni jambo jingine kabisa. Imani ya Kikristo ni hilo la pili. Mfano huu una kasoro yake, nami naikiri: mizigo ni mali ya yule mama, ilhali roho tunayoiweka mikononi mwa Mungu ilikuwa yake kabla haijawa yetu.

Tena msikilize mzee akisema kwamba fulani “hana imani”. Mara nyingi hamaanishi kwamba mtu huyo hasali; anamaanisha kwamba hana huruma. Lugha yetu imeziunganisha imani na huruma katika neno moja, na sidhani kwamba ilikosea.

Je, kujisalimisha kwa Mungu si kushindwa?

Swali hili huulizwa zaidi na wanaume, na sababu yake iko katika lugha. Kusalimu amri ni neno la vita: askari aliyezingirwa hutupa silaha, huinua mikono, na tangu hapo hana hiari tena. Mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba mwanamume hainui mikono atasikia wito wa kujisalimisha kama tusi.

Lakini mahali pa kujifunza jambo hili ni bustani ya Gethsemane, jina ambalo maana yake ni shinikizo la mafuta, mahali zeituni zilipokamuliwa. Huko Yesu aliomba, kwa mujibu wa Mathayo, mara tatu. Luka anayaandika maneno yake hivi: “Baba, ikiwa ni mapenzi yako, uniondolee kikombe hiki, walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke.” Wahubiri wengi hukimbilia nusu ya pili ya sentensi hiyo, na hapo ndipo wanapowapotosha watu. Nusu ya kwanza ni ombi la mtu anayetaka kuishi, anayelitaja tamanio lake bila kulipamba na bila kuona haya. Kwa hiyo kujisalimisha hakuanzi kwa kujifanya huna unachotaka. Unakisema, unakisema tena, hata mara ya tatu, kisha unamwachia aliye Baba uamuzi wa mwisho. Askari aliyeshindwa husalimu amri kwa adui. Yesu alimwita “Baba” yule aliyejikabidhi kwake, na tofauti yote imo katika neno hilo moja.

Tukumbuke pia kwamba baada ya sala hiyo alisimama, akawaamsha wanafunzi waliolala, akatoka kuwakabili waliokuja kumkamata. Huyo hakuwa mtu aliyevunjika.

Nikijisalimisha, niache kupanga mambo yangu?

Hapana. Yakobo anawaonya wafanyabiashara waliopanga safari ya mwaka mzima, lakini hawaambii waache safari, anawataka waseme, “Bwana akipenda.” Mvuvi wa Dunga husema “Mungu akipenda” huku akikagua nyavu na kuutazama upepo wa ziwa, wala haoni kwamba jambo moja linalikanusha jingine.

Kuna uthibitisho gani kwamba Yesu alisulubiwa kweli?

Katika habari zote za maisha ya Yesu, hii ndiyo ambayo wanahistoria, waamini na wasioamini, huipinga kwa nadra sana. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyewadharau Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa wakati wa Kaisari Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Pilato alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na mwaka 1961 jiwe lenye jina lake lilichimbuliwa Kaisaria, mji wa pwani walikokaa watawala wa Kirumi. Mwaka 1968, katika kaburi moja huko Yerusalemu, yalipatikana mabaki ya mtu mwingine aliyesulubiwa katika karne hiyohiyo, msumari ukiwa bado umekwama katika mfupa wa kisigino chake. Wasomi wengi huweka kifo cha Yesu katika mwaka 30 au 33.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko jiwe na msumari. Kusulubiwa kulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya uasi wa Spartacus kuzimwa, watumwa wapatao 6,000 walitundikwa kando ya barabara iendayo Roma. Hakuna mtu wa nyakati hizo ambaye, akitaka kubuni mwokozi, angembunia kifo cha namna hiyo. Paulo mwenyewe alikiri kwamba habari hiyo ilikuwa kikwazo kwa Wayahudi na upuzi kwa Wayunani, na bado aliendelea kuihubiri.

Alisulubiwa saa ngapi?

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Wayahudi walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama sisi. Marko anapoandika kwamba alisulubiwa saa tatu, kwamba giza lilifunika nchi tangu saa sita, na kwamba alilia kwa sauti kuu saa tisa, tunaelewa papo hapo bila kubadilisha chochote: asubuhi jua likianza kuchoma, adhuhuri, alasiri. Ndiyo sababu ibada ya Ijumaa Kuu katika makanisa mengi hufanyika saa tisa. Yohana anasema kwamba ilikuwa yapata saa sita Yesu alipokuwa bado mbele ya Pilato, na tofauti hiyo haijamalizwa na maelezo yoyote niliyoyasoma. Watu wasio na saa mkononi waliugawa mchana katika vipande vikubwa, nami sioni haja ya kuongeza zaidi.

Kwa nini ilimlazimu afe? Mungu hakuweza kusamehe tu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na anayelijibu kwa sentensi moja hajalisikia vizuri. Agano Jipya lenyewe halina picha moja. Yesu, katika Marko, anasema alikuja kutoa nafsi yake iwe “fidia ya wengi”, na hiyo ni lugha ya kumkomboa mtumwa. Waraka kwa Waebrania unatumia lugha ya hekalu na dhabihu. Paulo anatumia lugha ya mahakama katika Warumi, na lugha ya ushindi katika Wakolosai, ambako msalaba unazivua enzi na mamlaka silaha zao. Mwishoni mwa karne ya 11, mwanateolojia Anselm wa Canterbury alifundisha kwamba dhambi ilimvunjia Mungu heshima kiasi ambacho binadamu asingeweza kufidia, ikabidi fidia itolewe na aliye Mungu na mtu. Karne iliyofuata, mwanateolojia mwingine, Abelard, alisisitiza kwamba msalaba unatuonyesha upendo ambao unauyeyusha moyo mgumu. Makanisa yetu ya magharibi mwa Kenya yamerithi zaidi ile picha ya mahakama, na wahubiri wa mikutano ya hadhara huieleza kana kwamba hakuna nyingine.

Picha hiyo ina ukweli, lakini ikisimama peke yake huleta wazo baya, yaani kwamba Baba aliyejaa hasira alihitaji kuona damu, na Mwana mpole akajipenyeza katikati. Wazee wetu, Waluo kwa Waluhya, walijua kafara: maafa yanapozidi, familia hutoa kondoo ili kutuliza kilichoudhika. Mtu aliyekulia katika fikra hizo huuelewa msalaba upesi, ila anaweza kuuelewa kinyumenyume. Katika kafara ya desturi, binadamu hutoa na kilicho juu hupokea. Katika msalaba, anayetoa ni Mungu. Paulo anasema, “Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake.” Baba hakusimama kando akisubiri kuridhishwa, alikuwamo.

Kuhusu kusamehe “tu”: muulize mtu aliyewahi kusamehe deni kubwa kama halikumgharimu kitu. Deni lisipolipwa na mdaiwa halitoweki hewani; mdai ndiye anayelibeba. Msalaba unaonyesha ni nani aliyebeba na ni kwa uzito gani.

Yesu aliposema “Mbona umeniacha?”, je, alipoteza imani?

Maneno hayo ni mwanzo wa Zaburi ya 22, na aliyeyasema aliyasema kwa lugha yake ya Kiaramu: “Eloi, Eloi, lama sabakthani?” Baadhi ya wafafanuzi hukimbia kutueleza kwamba zaburi hiyo huishia kwa sifa, kwa hiyo Yesu alikuwa akiikumbuka hadi mwisho. Inawezekana. Lakini Marko hakutuandikia mwisho wa zaburi, alituandikia kilio. Ninaamini alichosema Yesu alikimaanisha. Jambo la kutazama ni kwamba hata katika kuachwa huko bado alisema “Mungu wangu”, na Luka anaongeza kwamba neno lake la mwisho lilikuwa, “Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu.” Kilio na amana vilitoka katika kinywa kimoja, alasiri moja.

Kwa hiyo mtu anayemlalamikia Mungu usiku wa manane hajaondoka katika imani. Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9 alisema, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mtoto wake aliponywa bila baba huyo kuambiwa kwanza akajifunze kuamini sawasawa.

Mume wangu hunipiga, na mchungaji ameniambia kwamba huo ndio msalaba wangu. Je, ni kweli?

Dada yangu, si kweli. Swali hili limeniletea uchungu kila lilipoulizwa, na limeulizwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Yesu alisema kwamba anayetaka kumfuata “ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku”. Kitenzi ni ajitwike: msalaba wa mfuasi ni gharama anayoichukua mwenyewe, kwa hiari, kwa ajili ya Kristo na kwa ajili ya wengine. Kipigo ulichotwishwa na mtu mwingine ni dhambi ya huyo anayepiga. Katika simulizi ya msalaba, anayepiga ni askari wa Pilato, na hakuna mwinjili anayemsifu. Tafuta usalama wako na wa watoto kwanza, kwa ndugu au kwa jirani, kisha uripoti katika dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi. Kusamehe kuna wakati wake, na hakukulazimu kurudi chini ya ngumi.

Ukitaka kuona msalaba ulivyo mzito, mtazame Simoni Mkirene, mtu wa Kirene katika nchi tunayoiita Libya leo, Mwafrika wa Kaskazini aliyekuwa akitoka shamba na akashurutishwa kuubeba. Biblia haisemi kwamba Yesu alikataa msaada huo. Kama yeye alikubali kusaidiwa, nani atakuambia wewe uvumilie peke yako?

Nimejiweka mikononi mwa Mungu. Je, nikiendelea kumeza dawa nitakuwa nimepunguza imani?

Endelea na dawa zako. Wapo watu katika eneo letu la ziwa walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, au za kisukari, au za shinikizo la damu, baada ya kuombewa, na wengine wao tumewazika. Luka, ambaye Injili yake ndiyo inayotuhifadhia sala ya Gethsemane kwa maneno niliyoyanukuu, anaitwa na Paulo “tabibu mpendwa”. Paulo hakumwambia aache kazi yake. Ukiombewa na kuhisi nafuu, mshukuru Mungu, kisha urudi kliniki upimwe. Uponyaji wa kweli hauogopi maabara.

Je, kumtii mchungaji ni sehemu ya kumtii Mungu?

Kwa kiasi, na kiasi chenyewe ni kidogo kuliko wachungaji wengi wanavyopenda kusikia. Mwaka 2023 taifa zima liliona katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa, ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa kutawakutanisha na Yesu. Wengi wetu tulisema kwamba hayo ni ya mbali, ya Pwani. Lakini mafundisho yaliyoandaa msiba ule yanasikika huku pia, kwa sauti ya chini: uza shamba ulete sadaka, usimsikilize ndugu yako asiyeokoka, usihoji maono ya mtumishi.

Yesu alijikabidhi kwa Baba. Kwa Kayafa, aliyekuwa kuhani mkuu, hakujikabidhi, aliposhutumiwa alinyamaza, na alipopigwa kofi katika baraza la kuhani aliuliza, “wanipigia nini?” Amana huwekwa kwa yule mmoja anayeweza kuilinda. Mtu yeyote anayedai aiweke mfukoni mwake, iwe ni roho yako, akili yako au hati ya ardhi yako, anadai nafasi isiyo yake.

Jirani yangu Mwislamu anasema kwamba Isa hakusulubiwa. Nimjibu vipi?

Kwanza ujue kwamba anasema alichofundishwa: katika Kurani, sura ya An-Nisaa aya ya 157, inaelezwa kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu. Hapa dini hizi mbili zinatofautiana kabisa, na kujifanya kwamba zinasema jambo lilelile ni kuwakosea adabu wote wawili. Mwislamu huona kwamba Mungu hawezi kumwacha nabii wake aaibishwe. Mkristo huona kwamba Mungu aliingia ndani ya aibu yenyewe. Mweleze unachoamini, umsikilize anachoamini, msome pamoja mkitaka. Mumias, ambako Uislamu ulifika pamoja na wafanyabiashara wa Pwani katika karne ya 19, zipo koo zenye Wakristo na Waislamu wanaozikana bila kugombana. Na usisahau kwamba neno Uislamu lenyewe lina maana ya kujisalimisha kwa Mungu, kwa hiyo kuhusu umuhimu wa jambo hilo hamna ugomvi.

Yule mhalifu msalabani aliokolewaje bila ubatizo?

Kwa kumwomba Yesu amkumbuke. Alijibiwa, “leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Makanisa mengi hubatiza kwa maji kwa agizo la Kristo na yanamhesabu mhalifu huyo kuwa wa pekee. Lakini Marafiki, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, hawabatizi kwa maji kabisa, nao humtaja mara nyingi.

Katika matanga tunaambiwa tusilie kwa sababu tuna imani. Je, kulia ni dhambi?

Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua kwamba dakika chache baadaye angemwita atoke. Chini ya msalaba walisimama wanawake, akiwamo mama yake, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Anayemkataza mjane kulia mara nyingi anajilinda yeye mwenyewe asisikie.

Nimejisalimisha mara nyingi, lakini baada ya wiki moja najikuta palepale. Nifanye nini?

Rudi tena. Luka ndiye pekee kati ya wainjili anayeongeza maneno “kila siku” katika agizo la kujitwika msalaba, na nadhani aliwajua watu kama sisi. Wengi wa walioulea uamsho wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930 walifundisha jambo hilohilo: kuokoka kuna siku yake, ila kutubu na kujikabidhi ni kazi ya kila asubuhi.

Usianze na ahadi kubwa. Soma Luka 22, aya ya 39 hadi 46, polepole, kisha utaje kwa jina jambo moja ambalo umelishikilia usiku kucha: karo, matokeo ya hospitali, mtoto aliyehamia Nairobi na hapigi simu. Mwambie Mungu unachokitaka kuhusu jambo hilo, bila kukipunguza. Halafu tumia sala ya Zaburi ya 31, ambayo Yesu aliimalizia maisha yake, ambayo Wayahudi huisali wakienda kulala na ambayo Kanisa limeiweka katika sala ya mwisho wa siku. Ni maneno matano tu, mikononi mwako naiweka roho yangu, na yanasemeka hata na mtu ambaye usingizi umeshaanza kumchukua.